Redio ya boti unayoiuza: iache, ihamishe, au ushike ya mkononi?

Mnunuzi alifika mwaloni Kasenyi, Ziwa Victoria upande wa Uganda, asubuhi, akaizunguka boti mara mbili, akagonga faiba kwa kifundo cha kidole, akawasha injini na kuisikiliza. Bei tulikuwa tumeshaelewana kwa simu. Alipokuwa anahesabu pesa akauliza, "Mzee, na hii redio nayo inakuja na boti?" Nikamjibu haraka kwamba redio ni yangu. Niliinunua kwa jasho langu, nikaifunga kwa mikono yangu, ingebakije? Jioni ile nikafungua skrubu nne, nikachomoa nyaya, nikaitia kwenye kavera na kwenda nayo nyumbani.

Miezi miwili baadaye, nikiwa kwenye boti yangu nyingine nje kidogo ya Kigungu, redio ikalia. Haikuwa sauti ya mtu. Ulikuwa ule mlio kama wa simu unaosikika chombo kingine kinapokuita kwa namba. Nikapokea, nikahamia chaneli ya 72. Aliyeita akashangaa kunisikia, kwa sababu alikuwa anamtafuta yule mnunuzi. Kumbe yule mnunuzi alinunua redio mpya, akafungua karatasi za boti, akaikuta MMSI, yaani namba ya utambulisho yenye tarakimu 9, akaiingiza kama inavyotakiwa. Yeye hakukosea. Mkosaji nilikuwa mimi, niliyekuwa natembea ziwani kwa jina la boti ya mtu.

Sasa mtu akiniuliza afanye nini na redio yake anapouza au kubadilisha boti, namwekea njia tatu mezani. Ziko tatu tu, na hazilingani.

Kwanza, namba hiyo ni ya nani?

Wengi wetu tunaichukulia MMSI kama laini ya simu: ukibadilisha simu, unatoa laini na kwenda nayo. Ichukulie kama namba pleti. Fundi anaweza kutoa injini ya gari moja akaitia kwenye jingine, lakini pleti haiendi na injini. Kwenye boti pia namba ni ya chombo. Redio imebebeshwa tu.

Tarakimu 3 za kwanza zinataja nchi: 675 ni Uganda, 634 ni Kenya, 674 na 677 ni Tanzania, na kwa walio Ziwa Albert, jirani wa ng'ambo ni 676, Kongo. Sita zinazobaki ni za chombo chenyewe. Ukifungua kifuniko cha kitufe chekundu cha dharura na kukibonyeza kwa sekunde chache, redio inarusha kwenye chaneli ya 70 ujumbe mfupi wa kidijitali: namba ya boti, mahali ilipo kama GPS imeunganishwa, na saa. Kila redio ya aina hiyo iliyo karibu inapiga kelele. Maneno ya mdomo yanafuata kwenye chaneli ya 16.

Sasa tuseme namba iliyo ndani si ya boti uliyopanda. Afisa wa zamu upande wa uokoaji anaitafuta kwenye kumbukumbu, anapata jina na simu, anapiga. Mwenye namba anapokea akiwa nyumbani, sahani ya matoke mbele yake. "Boti yangu? Iko mwaloni, afande, nimeifunga mwenyewe." Hapo utamlaumu nani akidhani ni mtoto aliyekuwa anachezea kitufe? Na akituma watu hata hivyo, watatafuta boti nyeupe ya faiba, wakati wewe umeng'ang'ania mtumbwi wa mbao wa bluu uliopinduka.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: redio isiyo na namba kabisa ni afadhali kuliko yenye namba ya mtu mwingine. Isiyo na namba, kitufe chekundu hakirushi kitu, lakini sauti kwenye chaneli ya 16 inakwenda kama kawaida na hakuna anayedanganyika.

Jedwali hili ni kwa walio na haraka. Maelezo yako chini yake.

| | Iache kwenye boti | Ihamishe, namba ifutwe | Ya mkononi |
|---|---|---|---|
| Namba | Inabaki na chombo, jina la mwenye boti ndilo linabadilika | Ya zamani inatoka, ya boti mpya inaingia | Ina yake, au haina kabisa |
| Nguvu | Wati 25 | Wati 25 | Wati 5 au 6 |
| Umeme | Betri ya boti | Betri ya boti | Betri yake |
| Kazi iliyopo | Karatasi | Fundi, karatasi, antena, nyaya | Kuchaji |
| Ukitumbukia majini | Inabaki na boti | Inabaki na boti | Unayo mwilini |

Kuiacha

Hii ndiyo ningeichagua siku ile kama ningejua. Redio mpya ya kufunga kwenye boti, ya daraja la chini lakini yenye kitufe chekundu, huko Ulaya na Marekani inaanzia kama dola 150 hadi 250. Iliyotumika miaka kadhaa juani na kwenye unyevu haifiki hapo. Mnunuzi akiikuta imefungwa, antena juu, GPS imeunganishwa, taa inawaka, anaongeza kitu kwenye bei bila kulalamika. Wewe unayeitoa unabaki na sanduku lisilo na waya, naye anabaki na tundu kwenye dashibodi.

Kazi iliyopo ni ya karatasi. Namba haibadiliki, bali taarifa zinazoambatana nayo: jina la mwenye boti, simu yake, simu ya mtu wa nchi kavu wa kupigiwa, hata rangi ya boti ikipakwa upya. Leseni ya kutumia redio iko kwa Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC. Usajili wa chombo uko upande wa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, chini ya sheria ya usafiri wa majini ya 2021. Ofisi moja haijui ulichoiambia nyingine, kwa hiyo zifikie zote mbili. Kwenye hati ya mauzo andikeni pia MMSI na namba ya kiwandani ya redio. Sisi hapa tunaandika namba ya injini mpaka herufi ya mwisho kwa sababu injini huibwa, ila redio tunaisahau.

Kuna hali moja inayoharibu njia hii. Boti iliyouzwa Majanji ikavuka kwenda Sio Port na kusajiliwa Kenya haiwezi kuendelea na 675. Inahitaji namba inayoanza na 634, na redio iliyoachwa ndani italazimika kufutwa namba kama ile inayohamishwa. Mnunuzi wa ng'ambo anapaswa kuelezwa hilo kabla hajalipa.

Kuihamisha

Hapa ndipo wengi tunapokwama, kwa sababu kuhamisha chuma ni kazi ya nusu saa na kuhamisha namba si kazi yako.

Redio nyingi za baharini zinakuruhusu kuingiza MMSI mara moja tu. Inakuuliza uiandike, inakuuliza tena uirudie, halafu inafunga mlango. Baadhi ya modeli zinakupa nafasi ya pili, lakini usiitegemee. Sababu ya kufungwa inaeleweka: utambulisho wa chombo hautakiwi kubadilishwa kiholela. Baada ya hapo anayeweza kufuta ni wakala au karakana ya kampuni iliyoitengeneza, naye atataka kuona kwamba redio ni yako na kwamba boti mpya imepewa namba. Kwa sisi wa Uganda swali ni kama wakala huyo yuko Kampala, Nairobi, au ni lazima kifurushi kipande ndege. Ikifika kwenye ndege, piga hesabu: usafiri wa kwenda na kurudi, ushuru, majuma ya kusubiri. Redio nzuri yenye GPS ndani yake na uwezo wa kupokea AIS (mfumo wa vyombo kujitangaza jina na mahali vilipo) inastahili gharama hiyo. Ya bei ya chini haistahili.

Fundi wa simu za barabarani akikwambia ana programu ya kuifungua, mshukuru uende zako. Namjua aliyekubali, akarudishiwa redio inayopokea tu. (Sawa, ni mimi. Ilikuwa redio nyingine, ya zamani zaidi.)

Wapo wanaosema: hamisha na namba yake ya zamani, usiguse tu kile kitufe, tumia sauti. Nimeyasikia hayo hata kutoka kwa manahodha ninaowaheshimu. Tatizo ni kwamba siku ya shida si lazima wewe ndiwe utakayekuwa karibu na redio. Huenda umeshaanguka majini. Atakayeifikia ni kijana wa boti au abiria, na kitufe chekundu kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni cha hatari. Atakibonyeza, na atakuwa sahihi kukibonyeza.

Ukishaamua kuhamisha, upande wa nyaya una mambo yake. Antena ndiyo nusu ya redio, na ndiyo watu huiacha kwenye boti ya zamani kwa uvivu wa kuvuta waya. Mawimbi haya yanakwenda karibu kama macho yanavyoona, kwa hiyo urefu ndio mali. Hesabu ya haraka ni hii: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 4.1, unapata kilomita. Antena iliyo mita 4 juu ya maji inaona kilomita 8 hivi. Boti mbili za namna hiyo zinasikilizana kwa kilomita 16. Mnara wa mita 50 ufukweni na boti yako, kama kilomita 37. Wati hazikuongezei sana hapo. Mlingoti ndio unaokuongezea. Boti ndogo inayoyumba haifai antena ndefu ya decibeli nyingi, kwa sababu inabana mawimbi kuwa kama sahani, na boti ikilala upande sahani inaelekea mbinguni na majini. Antena ya decibeli 3 inatosha.

Redio ya wati 25 ikirusha inakula kama ampea 5 au 6, basi weka waya mnene na fyuzi yake, usichomeke kwenye waya wa taa. Usibonyeze maiki kabla antena haijaunganishwa, maana unaweza kuua sehemu ya kurushia hapohapo. Waya wa GPS ndio unaosahaulika kuliko vyote. Bila GPS redio inakubali uandike mahali ulipo kwa mkono, lakini yakipita masaa 23 na nusu bila kuandikwa upya taarifa hiyo inafutika. Nani anaandika kila siku?

Kujaribu, usitumie kitufe chekundu hata kwa sekunde. Mwambie mwenzako mwenye redio ya namna hiyo akuite kwa namba yako mpya. Ikilia, imeingia.

Zile za mitumba

Kuna watu wanaofikiri jambo hili haliwahusu kwa kuwa hawajauza boti. Redio yao wameinunua imetumika, imekuja na kontena. Ni uhamisho uleule, ila boti ya kwanza iko mbali. Iwashe kabla hujatoa pesa, ingia kwenye menyu, soma MMSI. Ikianza na 470 ilikuwa Falme za Kiarabu, 235 Uingereza, 338 au 367 Marekani, 244 Uholanzi. Ukisukuma kitufe karibu na visiwa vya Ssese, kumbukumbu zitamwonyesha mzee fulani na jahazi lake huko Rotterdam.

Zile za Uholanzi na Ujerumani zina kituko kingine. Mito ya Ulaya ina utaratibu unaoitwa ATIS: kila unapoachia maiki, redio inatoa mlio mfupi wa kidijitali wenye utambulisho wake, na kwenye baadhi ya chaneli inajipunguza yenyewe hadi wati 1. Nilimsikia jamaa mmoja akilalamika kwamba redio yake "inakohoa" kila anapomaliza kusema. Haikuwa mbovu, ilikuwa bado inadhani iko mto Rhine. Hilo nalo hufungwa, na linahitaji fundi yuleyule. Za Marekani ni rahisi zaidi: tafuta mahali pa kubadilisha chaneli ziwe za kimataifa, vinginevyo baadhi ya chaneli zitakuweka masafa tofauti na wenzako.

Redio ya mitumba yenye namba ya kigeni na isiyo na wakala wa kuifuta, bei yake iwe ya redio ya sauti tu. Ikishindikana, iache kwa muuzaji.

Ya mkononi

Mitumbwi mingi ya mbao ya Buvuma, Lolwe na Sigulu haina betri. Ina injini ya nje ya kuvuta kwa kamba na tochi. Kumwambia mwenye mtumbwi huo afunge redio ya wati 25 ni kumwambia ajenge nyumba ili apate pa kutundika kofia. Kwake, ya mkononi ndiyo redio.

Kuhusu namba, ya mkononi ina uhuru mkubwa. Ya kawaida haina kitufe chekundu wala MMSI, basi unaingia nayo boti yoyote, unazungumza kwenye chaneli ya 16, unataja jina la boti uliyomo. Zile zenye kitufe chekundu na GPS ndani yake zimetengewa kimataifa namba za aina yake: zinaanza na 8, zinafuata tarakimu za nchi. Ya Uganda ingeanza na 8675. Namba hiyo haikufungi na boti moja, jambo linalomfaa nahodha wa kukodiwa ambaye leo yuko Gaba na kesho Bukakata. Wasiliana na UCC kwanza, kisha ndipo ununue, kwa sababu na hii pia ukishaingiza namba inafunga mlango.

Udhaifu wake ni urefu wako. Ukisimama, antena iko mita 1 na nusu juu ya maji: kilomita 5. Wawili wenye za mkononi mnasikilizana kilomita 10, ziwa likiwa shwari. Ukiwa umeketi, punguza. Ukiwa unaelea, punguza zaidi. Lakini hapo ndipo inapoipita ile ya kufunga: boti ikipinduka, ya kufunga imekwenda chini na betri yake, na hii iko kwenye jaketi lako. Chagua inayoelea, na uifunge kwa kamba hata hivyo.

Usiichanganye na zile redio koli za bei rahisi za walinzi. Zinaweza kulazimishwa masafa ya baharini, ndiyo. Zinakunywa maji siku ya kwanza.

Na simu? Karibu na Entebbe inatosha kuita 999 au 112. Tatizo ni kwamba simu inamfikia mmoja, na anayeweza kukufikia ndani ya dakika 10 ni mvuvi aliye kilomita 3 kutoka kwako, ambaye huna namba yake. Redio inamfikia bila kumjua. Tangu MV Templar izame karibu na Mutima, Mukono, tarehe 24 Novemba 2018, na watu zaidi ya 30 kufa, abiria wangu wanaulizia jaketi kabla hawajakanyaga boti. Kuhusu redio hajawahi kuniuliza mtu.

Vifaa vingine vyenye namba

AIS ya kurusha ikihamishwa bila kubadilishwa namba ni mbaya kuliko redio, kwa sababu yenyewe haisubiri ubonyeze. Inatangaza jina la boti ya zamani mchana na usiku, na vyombo viwili vikiwa na namba moja, kwenye skrini ya meli vinaonekana kama chombo kimoja kinachoruka huku na huko. Boya la dharura la megahezi 406 nalo limesajiliwa kwa boti na lina utambulisho wake ndani. Lisajiliwe upya na, kama limeandikwa MMSI ya zamani, lipelekwe karakana. Kile kidogo cha mtu binafsi kimesajiliwa kwa mtu, kwa hiyo hicho ondoka nacho bila wasiwasi.

Ningechagua vipi

Unauza boti ndani ya Uganda na redio ni ya kawaida: iache, fuateni karatasi pamoja wiki hiyohiyo. Usimwachie mnunuzi peke yake, kwa sababu simu itakayopigwa usiku ni yako.

Redio ni ya bei na wakala unamfikia kwa basi: ihamishe, lakini isikanyage boti mpya kabla haijafutwa. Wakati wa kusubiri tumia ya mkononi. Ukiwa na boti mbili na redio moja unayoihamisha kila wiki, acha. Nunua ya pili, kila boti iwe na namba yake.

Mtumbwi wa mbao usio na betri, au nahodha asiye na boti yake: ya mkononi isiyopitisha maji, na betri ya akiba kwenye mfuko mkavu.

Yangu nilimpelekea wakala mwishoni, na hati ya mauzo mkononi na leseni mpya. Ilichukua majuma, na nauli niliyotumia sitaitaja hapa. Iliporudi niliingiza namba mpya polepole, mke wangu akinisomea tarakimu moja moja, nikaiandika pia kwa kalamu ya rangi juu ya redio na ndani ya kifuniko cha kisanduku cha huduma ya kwanza. Wiki iliyofuata yule rafiki aliyeniita kimakosa alimwita tena mnunuzi wangu kwa namba. Nilikuwa karibu nao, kati ya Kigungu na Nakiwogo. Redio yangu ilikaa kimya. Nikahamia chaneli ya 72 kwa udadisi tu, nikawakuta wote wawili wakibishana juu ya bei ya sangara.